Anajua kila kitu, na bado kliniki anaenda mimba ina miezi mitano

Muulize mjamzito yeyote, wa Buguruni au wa Sengerema, mama mwenye mimba anatakiwa afanye nini, atakutajia bila kusita. Awahi kliniki, ale mboga za majani, ameze vidonge vya damu, alale kwenye neti, asibebe mizigo mizito, pombe aache, ajifungulie hospitali. Haya mambo yamepigiwa kelele miaka na miaka kwenye redio, kwenye mabango ya zahanati, kwenye meseji za simu, mpaka watoto wa shule wanayajua. Alafu unaangalia takwimu unakuta habari nyingine kabisa. Kwenye utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 hapa Tanzania, wajawazito walioanza kliniki ndani ya miezi mitatu ya mwanzo walikuwa asilimia 24 tu, na utafiti uliofuata wa 2022 wakafika kama 34. Tumepanda, sikatai, lakini maana yake bado wawili kati ya kila watatu wanachelewa.

Watu wakiona namba kama hizo jibu linakuwa lilelile, "wanawake wapewe elimu". Mimi hilo jibu linanichosha kidogo, kwa sababu linamchukulia mwanamke kama mtu anayekaa peke yake chumbani na kuamua tu, leo nameza kidonge, kesho nakwenda kliniki, wakati ukweli ni kwamba mjamzito wa kwetu vitu vingi kuhusu mimba yake haamui yeye, vinaamuliwa na hela iliyopo, na mume, na mama mkwe, na umbali wa zahanati, na nesi atakayemkuta pale mezani. Kujua anajua. Nafasi ya kufanya anachokijua ndiyo shida.

Tuanze na hiyo kliniki ya kwanza maana hapo pana mambo mengi kuliko watu wanavyofikiria.

Mimba ikiwa changa haitangazwi, na kila mtu anajua hivyo. Mama wa mtu atamwambia binti yake nyamaza kwanza mpaka itokeze yenyewe, watu wana macho mabaya, na mimba za mwanzo nyingi zinatoka, sasa ukishatangaza alafu ikatoka utakuwa umejiaibisha bure na majirani watapata la kusema mwaka mzima. Kwa hiyo kuificha mimba kwake yeye ni kuilinda kabisa, huwezi kumwambia huyo mtu kwamba hajali. Sasa fikiria zahanati yenyewe ilivyo, benchi liko nje barazani, siku ya wajawazito inajulikana kijiji kizima, ukikaa pale Jumanne asubuhi na tumbo halionekani, kufika mchana hata muuza nyanya anajua. Atasubiri. Na wapo wanaojikaza wakaenda mapema, wakafika wakaambiwa mimba bado ndogo hii mama, rudi ikikua kidogo. Mtu ametoa nauli, ameacha biashara, karudishwa, na akifika mtaani anawaambia wenzake msijisumbue kwenda mapema, mimi wamenirudisha. Hilo neno moja linafuta mabango kumi.

Alafu kuna hii ya mume. Kliniki ya kwanza inatakiwa mje wawili ili mpimwe pamoja, virusi vya UKIMWI na kaswende, na nia yenyewe ni nzuri sana, maana mama akitibiwa kaswende peke yake na baba hajatibiwa ataambukizwa upya. Lakini kwenye vituo vingi hii "njoo na mwenza" iligeuka sharti la mlangoni, usipokuja naye unaambiwa kalete barua ya mwenyekiti wa kijiji au serikali ya mtaa inayoeleza mumeo yuko wapi. Sasa yule ambaye mwanaume alimkimbia aliposikia neno mimba, au mwenye mimba ya mume wa mtu, au binti wa miaka 17 asiyetaka kumtaja mhusika, yeye anaanzia wapi? Aende kwa mwenyekiti akajieleze mbele ya wazee? Wengine wanakaa nyumbani, na wengine, hii imesikika sehemu nyingi, wanaongea na dereva bodaboda anaingia naye kama mume. Unacheka, lakini wajawazito ambao mimba zao ni za hatari zaidi ndio hao hao sharti linawarudisha. Na wanaume nao tusiwasingizie wote, wengi wanasema wakifika pale wanakaa kwenye benchi masaa mawili hakuna anayewasemesha, wanaitwa kutolewa damu tu basi, na siku ya kazi imeshaenda.

Kwa mabinti wa shule ilikuwa ngumu zaidi. Mpaka Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi kwenye shule za kawaida, mwanafunzi akigundulika ana mimba shule imeisha. Sasa mtoto wa kidato cha pili kwenda kliniki mwezi wa pili wa mimba kwake ilikuwa sawa na kujifukuzisha shule mwenyewe. Alikuwa anajifunga khanga tumbo kwa nguvu mpaka ishindikane. Ruhusa imetoka lakini woga huwa hautoki siku moja na tangazo, na kuna wazazi bado hawaamini.

Kuna jambo la kiafya hapa ambalo halisemwi vya kutosha. Foliki asidi, ile inayosaidia uti wa mgongo na ubongo wa mtoto viumbike vizuri, inahitajika mapema mno, kwa sababu ule mfereji unaokuja kuwa uti wa mgongo unafunga ndani ya kama siku 28 tangu mimba itunge. Siku 28! Hapo wengi hata siku zao hawajajua kama zimechelewa. Kwa hiyo hata yule mwenye bidii aliyewahi kliniki wiki ya 10, kwa upande huo keshachelewa, na hakuna desturi kwetu ya mtu kwenda kliniki kuchukua vidonge kabla hajabeba mimba, ukienda watakushangaa. Ndiyo maana kurutubisha unga kunasaidia kuliko hotuba, viwanda vikubwa vya unga wa ngano na mahindi Tanzania vina kanuni tangu 2011 za kuongeza virutubisho ikiwemo foliki na chuma, mtu anakula chapati zake bila kuamua chochote na mtoto anapata. Tatizo ni kwamba watu wengi wanakula unga wa kusagisha kwenye mashine ya mtaani, na pale hakuna anayeongeza kitu.

Tuje kwenye vidonge vyenyewe, vile vya kuongeza damu, FEFO. Hapa ndipo watoa huduma wanapokasirika sana, "tunawapa wanaenda kuvitupa". Na kweli vinatupwa. Kwenye ule utafiti wa 2015-16, zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa walikuwa na upungufu wa damu, asilimia 57, na waliomeza vidonge vya madini chuma siku 90 au zaidi walikuwa kama mmoja kati ya watano. Kwa nini? Kwanza vinanuka kama kutu, na mtu wa miezi mitatu harufu ya vitunguu tu inamtapisha. Vinafunga choo. Choo kinakuwa cheusi, na kama hakuna aliyekwambia mapema kwamba hiyo ni kawaida utadhani unaoza ndani. Alafu kuna imani imesambaa kwamba vinakuza mtoto, au vinajaza damu kupita kiasi kwa hiyo siku ya kujifungua utamwagika. Si imani ya kipumbavu, fuata tu hesabu yake: wameambiwa ni vidonge vya kuongeza damu, wanajua siku ile damu inatoka, wakajumlisha wenyewe. Jibu lake linachukua dakika mbili kulieleza, kwamba mwenye damu ya kutosha ndiye anayehimili kupoteza kidogo, na asiye nayo hata kikombe kinaweza kumuua. Ila hizo dakika mbili nesi mwenye wajawazito 60 asubuhi moja hana. Anahesabu vidonge, anafunga kwenye bahasha, "kimoja kila siku, anayefuata".

Na hapo hapo mtu anaenda kukimeza na chai ya rangi. Chai inazuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo hata yule mtiifu kabisa anaweza kuwa anakosa sehemu kubwa ya dawa bila kujua. Kumeza usiku kabla ya kulala, na maji au na chungwa au embe, kichefuchefu kinapungua na chuma kinaingia vizuri zaidi. Hili ni jambo dogo ambalo linabadilisha tabia kuliko karipio, kwa sababu linaondoa kero yenyewe iliyomfanya aache.

Dawa za malaria za kwenye mimba, zile SP, zina bahati yake. Unazimeza pale pale kliniki mbele ya nesi, kuanzia mimba ikiingia miezi mitatu na kitu, kila mwezi. Hakuna cha kukumbuka nyumbani, hakuna mama mkwe wa kuuliza ni dawa gani hizo. Ila sasa zinategemea mtu awe amefika, na siku aliyofika ziwepo. Neti vilevile, mjamzito anapewa siku ya kwanza ya kliniki na wengine watakwambia wazi kabisa nilifuata neti. Sioni ubaya, kama neti ndiyo imemtoa nyumbani mimba ikiwa na wiki 11 badala ya 22 basi neti imefanya kazi mbili.

Chakula sasa. Hapa ndipo ushauri wa kliniki na maisha vinapopishana vibaya. Anaambiwa ale samaki, mayai, maziwa, matunda, mboga, maharage, nyama ya ini. Anaitikia. Anarudi nyumbani kwenye ugali na mchicha, na nyama ikipikwa inagawiwa, baba kwanza, wageni, wazee, na yeye mpishi anabaki na mchuzi. Huyu hana tatizo la kujua makundi ya chakula. Na kuna miiko: mayai yanasemwa yatamzalisha mtoto asiye na nywele, na kuna ile kubwa kuliko zote, usile sana mtoto atakuwa mkubwa utapasuliwa. Hiyo ya mwisho inatoka kwa wakina mama wanaoipenda roho ya binti yao. Upasuaji sehemu ambayo hospitali iko kilomita 50 ni jambo la kuogopa kweli, bibi mmoja amezika mtu kwa uzazi pingamizi, yaani mtoto kushindwa kupita, na hataki kuzika mwingine, kwa hiyo anamwambia mkwewe apunguze kula. Ukienda kumwambia ni mjinga amekufunga mlango. Ukimweleza kwamba mama aliyedhoofika anachoka katikati ya uchungu, na mtoto anazaliwa njiti au mwepesi bila njia kuwa pana zaidi, anaweza kukusikiliza, kwa sababu umeongea na hofu yake.

Na udongo. Ule mweupe au wa kijivu unaouzwa sokoni kwa vipande, Kanda ya Ziwa wanauita pemba, mia mbili mia tano unapata wa kutafuna siku nzima. Mjamzito mwenye upungufu wa damu mara nyingi ndiye mwenye hamu kali zaidi, ingawa kipi kinaanza na kipi kinafuata wataalamu bado wanavutana. Wengine wanasema unatuliza mate na kichefuchefu. Shida ni kwamba udongo unaweza kushika chuma tumboni kisiingie mwilini, unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita watafiti waliupima wakakuta madini mabaya ikiwemo arseniki. Kumwambia mtu "acha kula udongo ni uchafu" hakusaidii, atakula chooni. Anayeuliza "unakula kiasi gani, tangu lini, hebu tupime damu" atafika mbali zaidi.

Pombe sitaikalia sana. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwenye mimba, basi. Ila kuna mahali pombe ya kienyeji ni sehemu ya mlo na ya heshima, anayekataa kikombe kwenye shughuli anaonekana anaringa, na kama mimba bado ni siri atakataa kwa kisingizio gani? Anakunywa ili asigundulike.

Nimetaja hela kwa juu juu, wacha niirudie. Kisera huduma ya mjamzito kwenye vituo vya serikali ni bure, na hiyo ni kweli kwenye karatasi. Ila mwezi wa nane anaambiwa ajiandae na gloves, pamba, nyembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika, beseni, khanga na vitenge, na ana nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kutouza vitumbua. Asiyekuwa navyo anaona aibu kufika mikono mitupu, maana kauli atakazokutana nazo anazijua. Ile ya "ulipokuwa unafurahia hukujua utazaa" mwanamke haisahau, na hata kama aliambiwa mwenzake yeye akiwa kitanda cha pembeni, imeingia. Mimba inayofuata atazalia nyumbani, na utafiti utaandika kwamba "hana mwamko". Simaanishi wauguzi wote, wapo wanaofanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa mmoja na bado wanakuita mwanangu. Lakini kama unatafuta kitu kimoja kinachobadilisha tabia haraka bila bajeti kubwa, ni namna anavyopokelewa siku ya kwanza.

Usafiri umepata ahueni kwenye dharura. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa 2022, mjamzito au aliyejifungua akipata tatizo inapigwa simu bure 115, na kama gari la wagonjwa halipo anatumwa dereva wa mtaani aliyesajiliwa, malipo anapewa na mfumo. Na vifo vya uzazi kwa takwimu za kitaifa vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja mwaka 2015-16 hadi 104 mwaka 2022, na wanaojifungulia kwenye vituo wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Hizo zimetokana na mambo mengi kwa pamoja, vituo vya afya kujengwa, vyumba vya upasuaji kusogea, wahudumu kufundishwa. Angalia sasa: wanawake hawakuamka ghafla 2017 wakawa na akili kuliko mama zao. Kituo kilisogea, nao wakaenda.

Kuna jaribio moja la Zanzibar nalipenda kwa sababu linaonesha hili bila ubishi. Unguja, 2009 na 2010, wajawazito 2,550 kutoka vituo 24, nusu ya vituo wajawazito wake wakawa wanapata meseji za kukumbushwa na vocha ya kumpigia mhudumu. Waliokuwa wanapata meseji asilimia 44 walifikisha mahudhurio manne, wengine asilimia 31. Vizuri. Lakini kwenye kujifungua na mhudumu mwenye ujuzi, faida ilionekana wazi kwa wanawake wa mjini, kwa wa mashamba haikuonekana. Meseji ilikuwa ileile. Wa mjini akisoma "nenda" ana daladala mlangoni, wa shamba akisoma "nenda" saa saba usiku anaangalia giza.

Na sasa Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu 2016 wanataka mjamzito aonane na mhudumu mara 8, siyo 4 tena, ya kwanza kabla ya wiki 12. Kitaalamu sawa kabisa, hasa kwa presha ya mimba inayopanda mwishoni. Ila kwa mwanamke wa bondeni huko mara 8 ni nauli mara 8, siku 8 bila kipato, ruhusa 8 za mume. Ukiongeza mahudhurio bila kugusa hivyo vingine umeongeza tu idadi ya mara atakazoonekana mkosaji.

Kinachonipa moyo mimi ni vikundi. Siyo semina ya kukaa kwenye viti vya plastiki mkasomewa, ni wanawake wa mtaa mmoja wanakutana kila mwezi, wanasema wenyewe nini kinatuua hapa, alafu wanapanga wenyewe, tuchange ya dharura, tuongee na mwenye bodaboda, tumwambie mzee fulani awaite wanaume. Utafiti wa Bangladesh, India, Malawi na Nepal uliokusanywa pamoja na kuchapishwa 2013 ulikuta kwamba pale ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito walishiriki, vifo vya akina mama vilipungua karibu nusu na vya watoto wachanga kama theluthi. Sisi vikundi tunavyo tayari, vikoba kila mtaa, upatu, vya kanisani, vya madrasa. Sanduku la kikoba lenye mfuko wa jamii mara nyingi linatoa pole ya msiba, halina shida kutoa nauli ya kliniki ya wiki ya 10, wanachama wakikubaliana tu. Na mle ndani ndimo wamo mama wakwe, ambao kwa kweli ndio wanaoamua nani anakula yai.

Kwa hiyo kama nyumbani kwako kuna mjamzito na unajiuliza mbona hafuati alichoambiwa, usimpe hotuba kwanza. Muulize nauli anayo, na kule kliniki mara ya mwisho walimjibuje, na hivyo vidonge anavimeza na nini. Alafu jioni ile nyama ikiiva, aanze kupakuliwa yeye.